Kansa: Walipima Uvimbe Miaka Mingi Kabla ya Kumuuliza Mgonjwa

Mnakumbuka Julai 2019? Bob Collymore alituacha tarehe 1. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akatuacha tarehe 26. Siku tatu baadaye, Gavana Joyce Laboso wa Bomet. Wote watatu kansa, wote ndani ya mwezi mmoja, na nchi nzima ikashtuka kama vile ugonjwa umeshuka na ndege ya jana usiku. Magazeti yakajaa namba. Wagonjwa wapya wangapi, wanakufa wangapi, mashine za mionzi ni ngapi na ziko wapi. Wanasiasa wakataka itangazwe janga la kitaifa.

Mimi nilifuatilia zile habari zote kwa simu, na kuna kitu kilinikaa kichwani hadi leo. Hakuna namba hata moja iliyosema hawa watu wanaishije. Hapa kwetu zaidi ya watu 40,000 hugunduliwa na kansa kila mwaka, na hawafi siku ile ya kupewa majibu. Wanaishi. Wengine miezi, wengine miaka kumi, wengine wanapona kabisa na kuzeeka. Katikati hapo kuna usiku wa kulala na usiku wa kukesha, kuna ugali unaoshuka na ugali unaorudi, kuna mtu ameshika bomba la matatu na hospitali bado iko mbali. Hiyo sehemu yote inaandikwa wapi?

Nikaanza kuchimba. Je, kuna mtu aliwahi kupima haya maneno? Yuko, tena wako wengi, na historia yao ina mizunguko mpaka raha. Weka chai kando, hii ni ndefu.

Kwa muda mrefu sana daktari wa kansa alikuwa na maswali mawili tu: uvimbe umepungua, na mgonjwa bado anapumua? Ukitaka kuona akili hiyo ikifanya kazi, angalia kansa ya matiti. William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19 alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Akina mama walitoka pale na kifua kilichobonyea, wengi na mkono uliofura. Hiyo ndiyo ikawa tiba ya kawaida kwa miongo na miongo. Hadi 1985, Bernard Fisher na wenzake wakachapisha matokeo ya jaribio lao kubwa: kwa wanawake wenye uvimbe usio mkubwa, kutoa uvimbe wenyewe kisha kupiga mionzi kulileta maisha marefu sawasawa na kutoa titi lote. Sawasawa! Sasa jiulize, katika miaka hiyo yote, nani aliwahi kuwauliza hao akina mama, mkono ukifura hivi, unafuaje nguo? Unambebaje mtoto?

Mwaka wa 1948 mambo mawili yalitokea karibu pamoja. La kwanza, katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na ndani yake afya ikaelezwa kuwa si kukosa ugonjwa tu, bali hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu kati ya watu. Maneno matamu, lakini hakuna aliyesema yanapimwa kwa rula gani.

La pili lilitokea New York. Huko David Karnofsky na wenzake, akiwemo Joseph Burchenal, walikuwa wanajaribu dawa mpya kwa watu wenye kansa, hasa ya mapafu. Dawa yenyewe ilikuwa ndugu wa gesi ya haradali, ile sumu iliyochoma mapafu ya askari Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo, kemotherapi ilianzia kwenye silaha. Shida yao ilikuwa hii: uvimbe ulikuwa unapungua kwa muda tu, halafu unarudi, na mgonjwa akifa anakufa. Lakini katikati hapo waliona watu wanaacha kukohoa, wanainuka kitandani, wanarudi nyumbani. Watasemaje kwa namba kwamba dawa imesaidia?

Wakatengeneza ngazi ya 0 hadi 100, hatua za kumi kumi. 100 ni mtu mzima kabisa, hana lalamiko. 70 anajihudumia mwenyewe lakini kazi haiwezi. 50 anahitaji usaidizi mwingi na daktari mara kwa mara. 30 ni wa kulazwa. 10 anakata roho. 0 ni marehemu.

Naomba tuwe na haki kwa Karnofsky, maana siku hizi ni rahisi kumcheka. Kabla yake hakukuwa na kitu. Alikuwa kati ya wa kwanza kusema kwa maandishi kwamba mgonjwa anaweza kufaidika na dawa hata kama haimponyi, na kwamba faida hiyo ni data. Hilo ni jambo kubwa sana. Lakini tazama ile ngazi vizuri. Ni swali la mwajiri: unaweza kufanya kazi? Haijui maumivu, haijui woga, haijui kama watoto wako wamekula. Mama aliye kitandani lakini ana amani na watu wake wamemzunguka anaweza kupata 40, na kijana anayetembea vizuri mchana na kulia usiku kucha akapata 90. Isitoshe, anayejaza si mgonjwa, ni daktari. Anakutazama ukiingia mlangoni, anaandika.

Mwaka wa 1960 ikaja ngazi fupi zaidi, ya 0 hadi 5, kutoka kundi la madaktari wa Marekani liitwalo ECOG. Ukifungua faili ya mgonjwa wa kansa leo, Nairobi au Eldoret, kuna uwezekano mkubwa utaikuta hiyo namba moja imeandikwa pembeni. Mara nyingi ndiyo inayoamua kama utapewa kemotherapi au la. Karnofsky mwenyewe alifariki 1969. Kansa ya mapafu.

Huku London, mwanamke mmoja alikuwa anauliza maswali tofauti kabisa. Cicely Saunders alikuwa nesi, halafu mfanyakazi wa ustawi wa jamii, halafu akarudi shule akawa daktari, nadhani kwa sababu alichoka kutosikilizwa. Mwaka wa 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's. Alikuwa akiwasikiliza watu wanaokaribia kufa na kuandika walichosema, na akafundisha kwamba maumivu yao yana pande nne zilizoshikana: mwili, moyo, watu wa karibu, na roho. Ukitibu upande mmoja ukaacha mitatu, mtu bado anaumia. Saunders hakutoa fomu ya alama. Lakini kila fomu iliyokuja baadaye, ukiikuna kidogo unamkuta yeye chini.

Sasa 1976. Madaktari wawili Waingereza, Terry Priestman na Michael Baum, wanatibu wanawake wenye kansa ya matiti iliyosambaa. Wanafanya kitu rahisi hadi unajiuliza kwa nini kilichelewa hivyo. Wanachora mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi. Mwisho mmoja ni hali mbaya kabisa, mwisho wa pili hali nzuri kabisa. Wanampa mgonjwa kalamu. Weka alama mahali ulipo leo. Kichefuchefu, weka. Maumivu, weka. Hali ya moyo, weka. Kisha wanachukua rula na kupima.

Ni hiyo tu. Kalamu imehama kutoka mkono wa daktari kwenda mkono wa mgonjwa. Nikiambiwa nichague siku moja katika historia hii yote, nitachagua hiyo.

Na kalamu ilipohama, majibu yakaanza kuwaaibisha wataalamu. Hii sehemu ndiyo naipenda zaidi, kwa hivyo mnivumilie.

Mwaka wa 1982, watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, wakiongozwa na Paul Sugarbaker, walichapisha utafiti kuhusu watu wenye kansa ya nyama za mkono au mguu. Kundi moja lilikatwa kiungo. Kundi la pili liliachiwa kiungo, wakafanyiwa upasuaji mdogo zaidi na kupigwa mionzi mingi. Mimi na wewe tungesema nini? Si wenye mguu wao wako heri! Hata wale madaktari walidhani hivyo. Wagonjwa walipoulizwa, waliobaki na mguu hawakuwa na maisha bora kuliko waliokatwa, na katika mambo mengine walionekana hata kuwa nyuma. Mguu ulikuwepo, lakini umekauka, umefura, unauma. Matokeo hayo yaliwafanya wataalamu waangalie upya jinsi ya kupiga mionzi na kuwafanyisha wagonjwa mazoezi, ndipo hali ikaanza kuwa nzuri. Bila kuuliza wangeendelea kupongezana tu.

Mwaka wa 1987 likaja la Australia na New Zealand. Alan Coates na wenzake walikuwa na wazo la huruma: hawa wanawake wenye kansa ya matiti iliyosambaa wanateswa na kemotherapi isiyoisha. Kwani tusiwape awamu tatu, tuwapumzishe, turudie tu ugonjwa ukianza kusumbua? Wakalinganisha mapumziko na dawa mfululizo, na wanawake wakawa wanachora alama kwenye ile mistari. Kila mtu alitarajia waliopumzishwa wajisikie vizuri. Ikawa kinyume. Waliokuwa kwenye dawa mfululizo ndio walioripoti hali nzuri zaidi. Kumbe kansa yenyewe, ikiachiwa nafasi, inatesa kuliko dawa. Huruma ya daktari ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imekadiria vibaya.

Halafu Maurice Slevin, London, 1988, akauliza swali la moja kwa moja: nani anafaa kupima, daktari au mgonjwa? Akawapa wote wawili fomu zilezile kuhusu mgonjwa yuleyule. Majibu hayakupatana vizuri. Hata madaktari wenyewe kwa wenyewe hawakukubaliana sana. Miaka miwili baadaye akaja na lingine: akawauliza wagonjwa wa kansa, madaktari, manesi na watu wazima wa afya njema, ungekubali kemotherapi kali kwa matumaini madogo kiasi gani? Watu wazima walitaka matumaini makubwa kabla ya kukubali. Wagonjwa walikuwa tayari kuvumilia mateso kwa nafasi ndogo sana ya kupona.

Hii inanihusu mimi na wewe tunaokaa sebuleni na kusema, "Mimi nikipata kansa, hiyo dawa sitaki, niacheni nife." Buda, hujui. Utafiti unasema hujui.

Mwaka wa 1993 kazi hii ikapata vyombo vyake vikubwa viwili. Marekani, David Cella na timu yake walitoa hojaji ya FACT. Ulaya, shirika la utafiti wa saratani la EORTC likatoa hojaji yenye maswali 30, iliyoongozwa na Neil Aaronson na kujaribiwa kwa wagonjwa 305 wa kansa ya mapafu katika nchi 13. Inaitwa QLQ-C30. Inauliza kuhusu wiki moja iliyopita: ulipata shida kutembea, ulilala, ulikosa hamu ya kula, ulikuwa na wasiwasi, ugonjwa uliingilia maisha ya familia yako? Unajibu hapana kabisa, kidogo, kiasi, au sana. Maswali mawili ya mwisho unajipa alama kutoka 1 hadi 7 kwa afya na maisha kwa ujumla. Swali la 28 ni la pesa: ugonjwa au tiba imekuletea shida za kifedha? Swali moja kati ya 30. Lishike hilo, tutalirudia.

Unaweza kuuliza, sawa, fomu zilijazwa, kwani nini kilibadilika? Pesa za dawa, kwanza. FDA, idara ya Marekani inayoidhinisha dawa, ilishasema katika miaka ya 1980 kwamba dawa ya kansa inaweza kukubaliwa kwa kuongeza maisha au kwa kuyafanya yawe bora. Mwaka wa 1996 wakaidhinisha mitoxantrone kwa wanaume wenye kansa ya tezi dume iliyosambaa. Katika jaribio la Canada lililobeba uamuzi huo, wagonjwa 161, dawa haikuongeza maisha. Ilipunguza maumivu: 29 kati ya kila 100 walipata nafuu, dhidi ya 12 wasiopewa. Mwaka huohuo gemcitabine ikapita kwa kansa ya kongosho. Iliongeza maisha kwa mwezi mmoja na kidogo tu, lakini karibu 24 kati ya 100 walipata nafuu ya maumivu, nguvu au uzito, dhidi ya 5 kwa dawa ya zamani. Mtu wa nje ataona mwezi mmoja ni mzaha. Aliyekuwa anaumwa na tumbo halali, akalala mwezi mzima, mwulize yeye.

Sawa. Hadi hapa hadithi ni ya New York, London, Sydney. Sisi tunaingia wapi?

Tunaingia Meru. Mwaka wa 2003 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Scott Murray, Elizabeth Grant na wenzao uliolinganisha watu wanaokufa kwa kansa Scotland na Kenya. Scotland walikuwa wagonjwa 20 wenye kansa ya mapafu isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Kenya walikuwa 24 wenye kansa isiyotibika, pamoja na watu waliowauguza. Hawakuleta fomu ya alama, walikaa chini wakazungumza nao.

Wagonjwa wa Scotland walikuwa na dawa, vitanda, manesi wa kuja nyumbani, vyote vya serikali. Kilichowatesa zaidi ni kule kukabili kifo chenyewe. Wa Kenya, upande wa moyo na roho walisema wana familia, wana kanisa, wana majirani. Kilichowatesa ni maumivu ya mwili yasiyo na dawa, na pesa. Umesikia? Mzungu ana mofini na upweke, Mmeru ana watu na hana mofini.

Sitaki mtu achukue hiyo habari aifanye ya sifa, ati Waafrika tuna umoja, tuko sawa. Huo umoja ndio unaouza ng'ombe. Ndio unaofungua kikundi cha WhatsApp chenye watu 214, kila mtu anatuma 200 kwa M-Pesa hadi mwezi wa pili, halafu kinanyamaza kimya. Mgonjwa wetu anakufa akiwa na watu karibu yake na anajua kila mmoja wao amemaliza akiba kwa sababu yake. Hiyo nayo ni aina ya maumivu, na kwenye QLQ-C30 inapata swali la 28 basi.

Dar es Salaam walilijaribu hilo. Mwaka wa 2012 kulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, wakitumia ile hojaji ya Ulaya kwa Kiswahili, pamoja na mazungumzo ya vikundi. Shida ya pesa na maumivu zilijitokeza wazi. Kwa hivyo fomu ya Kizungu inaweza kusikia vilio vyetu. Swali langu ni inavisikia kwa sauti gani.

Chukua swali lake la kwanza. Linauliza kama unapata shida kufanya kazi nzito, na mfano wa kazi nzito ni kubeba mkoba wa ununuzi au sanduku la safari. Jameni. Nyanya yangu akisikia kazi nzito ni kubeba sanduku atacheka hadi aombe maji, na hayo maji ameyabeba mwenyewe kwa mtungi. Linalofuata linauliza kuhusu matembezi marefu. Hapa kwetu hakuna mtu anayetoka matembezi marefu, mtu anaenda barabarani kungoja gari. Watafsiri wanajitahidi, wana utaratibu mkali wa kutafsiri kwenda na kurudi na kuwajaribia wagonjwa, nawaheshimu. Lakini kuna vitu havitafsiriki kwa kubadilisha neno. Unatafsirije unyogovu kwa mama wa Kitui? Atakwambia ana mawazo mengi. Usipomuuliza kuhusu mawazo, atakujibu hapana kabisa.

Halafu kuna salamu. Hili ni letu sisi Waswahili na wote tuliokopa lugha hii. "Hujambo?" Jibu ni "sijambo," hata kama una jambo. "Habari?" Ni "nzuri," halafu baada ya hiyo nzuri ndipo unasema, "ila mtoto yuko hospitali." Ubaya unakuja kwenye "ila." Daktari aliye na wagonjwa 60 kwenye foleni hasubiri "ila."

Nimemsindikiza shangazi yangu kliniki mara nyingi, hospitali sitaitaja. Daktari ni mtu mzuri, mchovu. "Mama, unaendeleaje?" "Niko sawa, daktari, nashukuru Mungu." Anaandika. Dakika nne tumetoka. Kwenye matatu, kabla hatujafika Roysambu, ananiambia hajalala siku tatu, mgongo unamchoma kama pasi, na hakutaka kumsumbua daktari maana kuna wagonjwa kuliko yeye. Kwenye faili yake ile siku, nina uhakika, ni namba moja ndogo: anatembea, anajihudumia, sawa.

Ndiyo maana nikafurahi sana nilipokutana na kipimo cha APCA. Hicho ni chama cha tiba shufaa cha Afrika, makao yake Kampala. Walichukua fomu iliyotengenezwa Uingereza wakaifinyanga upya na wauguzi wa huku, na mwaka wa 2010 ukachapishwa utafiti kuonyesha kwamba inapima kweli. Maswali kumi tu. Saba ya mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kuwaambia watu wake anavyojisikia, kama ameona maisha yana maana, kama ana amani, kama amepata ushauri wa kupanga mambo ya mbele. Na matatu ni ya yule anayemuuguza! Amepewa habari za kutosha? Anajiamini kumhudumia? Ana wasiwasi kiasi gani? Ile fomu ya Ulaya yenye maswali 30 haimuulizi mwenye kumuuguza hata moja.

Na jibu halihitaji kusoma wala kalamu. Unaweza kujibu kwa mkono. Ngumi iliyofungwa ni sifuri, vidole vitano ni tano. Bibi asiyejua kuandika jina lake anainua vidole vinne kwa maumivu na daktari hawezi kusema hakusikia. Pia "niko sawa" haina kidole, kwa hivyo salamu haiwezi kuficha kitu hapo.

Kuna watakaosema haya ni mapambo, hospitali zetu hazina hata dawa, tutaanzaje na maswali? Nawaelewa, na nina majibu mawili yenye namba. Mwaka wa 2010, Jennifer Temel na wenzake wa Boston waliwachukua wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo, yaani mtu wa kuwauliza wanaendeleaje na kushughulikia jibu. Hawa wa pili walikuwa na maisha bora kwa vipimo, na zaidi ya hapo waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Mwaka wa 2017 Ethan Basch akatoa matokeo ya wagonjwa 766 waliotibiwa New York katika hospitali ileile ya ukoo wa Karnofsky. Walioripoti dalili zao wenyewe kwa kompyuta, nesi akipata ujumbe mambo yakiharibika, waliishi miezi 31.2, na wengine 26. Miezi mitano. Kuna dawa za mamilioni zinazoidhinishwa kwa pungufu ya hapo.

Shida moja ngumu imebaki na sitajifanya imeisha. Watafiti Mirjam Sprangers na Carolyn Schwartz waliandika mwaka wa 1999 kuhusu jinsi rula ya ndani ya mtu inavyosogea ugonjwa unapokaa. Aliyekuwa anajipa 3 akiwa mzima kwa sababu bosi anamsumbua, sasa ana kansa anajipa 6 kwa sababu leo amekula na kuongea na mjukuu. Ametudanganya? Sidhani. Lakini serikali inaweza kuichukua hiyo 6 na kusema tazama, wako sawa, hakuna haja ya mofini. Kwa hivyo mimi nataka namba, na nataka mtu aketi asikilize ile "ila." Moja bila nyingine siiamini.

Nairobi Hospice imekuwepo tangu 1990, pale kwenye uwanja wa Kenyatta. Wauguzi wa tiba shufaa wa nchi hii wanajua kuuliza haya kuliko mimi ninayeandika na simu. Kinachonikera ni kwamba mara nyingi mgonjwa huwafikia mwisho kabisa, baada ya kila mtu mwingine kumaliza kumkata na kumchoma. Yale maswali kumi yanafaa kuwa kliniki ya kwanza, siku ile ya majibu, na yarudiwe kila mwezi, yaandikwe pembeni ya ile namba ya ECOG. Karatasi moja. Halafu kaunti zitoe hizo namba kama zinavyotoa za vifo, tujue wagonjwa wa Garissa wanalala usiku wangapi kwa wiki.

Kabla hilo halijafanyika, kama unampeleka mtu wako kliniki wiki hii, muulizeni mkiwa bado kwenye benchi. Vidole vingapi kwa maumivu, vingapi kwa usingizi, vingapi kwa mawazo. Andika kwenye karatasi na tarehe, umpe daktari mkononi kabla hajasema "Mama, unaendeleaje?" Shangazi yangu wiki iliyopita aliinua vinne. Akaongezewa dawa ya maumivu palepale.